Usisubiri Ziwa Lifunguliwe: Kweli na Uongo Kuhusu Kufukuzwa Kazi Nchelenge

Sokoni Kashikishi, wilayani Nchelenge kando ya Ziwa Mweru, Zambia, Kiswahili hakikosekani. Kinakuja na wachuuzi wa samaki kutoka Kilwa na Pweto, upande wa Kongo, na tangu 2018 kinashuka pia kutoka makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Pamoja nacho huja ushauri wa sheria za nchi nyingine. Aliyefukuzwa kazi huku anahukumiwa kwa Sheria ya Ajira ya Zambia Na. 3 ya 2019, si kwa aliyoyasikia Lubumbashi au Mbeya.

“Bosi akisema nenda, hana haja ya kueleza.” Uongo. Lazima awe na sababu halali: mwenendo wako, uwezo wako, au mahitaji ya shughuli yake. Kama anakulaumu kwa mwenendo au utendaji, akusikilize kwanza. Mkifika mahakamani, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alitenda haki, si wewe. Hata akikufukuza papo hapo bila notisi, sheria inampa siku 4 kumwandikia afisa kazi kueleza kilichotokea. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa afisa kazi ni fupi: taarifa ya mwajiri kunihusu imefika? Waajiri wengi wadogo, nadhani, hawajui hata kama wajibu huo upo.

“Sina mkataba wa maandishi, sina kesi.” Uongo. Mkataba wa mdomo ni mkataba, na mwajiri ndiye anayepaswa kuuwekea kumbukumbu. Wewe tunza meseji za simu, rekodi za mshahara uliotumiwa kwa simu, na majina ya mliofanya nao kazi. Usitishwe na neno kibarua pia. Kibarua kisheria ni mtu wa siku moja, anayelipwa jioni na kumaliza. Kumwita hivyo muuza duka aliyefungua mlango ule ule kila asubuhi kwa miaka miwili ni ujanja, na sheria inakataza kumpa mtu ukibarua katika kazi ya kudumu.

“Nikipokea pesa nimekubali kufukuzwa.” Nusu kweli. Mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo uliyolimbikiza ni mali yako kwa vyovyote, chukua. Hatari iko kwenye karatasi inayosema huna dai lingine lolote. Kama imeandikwa Kiingereza na hukisomi, usiweke sahihi wala dole gumba mpaka akusomee mtu unayemwamini.

“Mimi Mkongo, nani atanisikiliza?” Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi kazini kwa uraia, kabila au lugha. Kibali cha kufanya kazi ni suala jingine. Kama huna, pata ushauri wa kisheria kabla ya kufungua dai.

“Nikishinda nitatajirika.” Mara nyingi ni uongo. Fidia ya kawaida hukadiriwa kwa mshahara wa kipindi cha notisi, na kwa mkataba unaozidi miezi 3 notisi ni siku 30. Mahakama hupandisha kiwango pale mtu alipofukuzwa kwa ukatili au kwa njia ya kumdhalilisha. Inaweza pia kuamuru urudishwe kazini, ila usiweke matumaini yako yote hapo.

“Haraka ya nini? Ngoja ziwa lifunguliwe, nipate nauli.” Huu ndio uongo unaoua kesi. Kenya hutoa miaka 3 kudai. Tanzania hutoa siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukipinga kuachishwa. Zambia ni siku 90 kufikisha lalamiko katika Kitengo cha Mahusiano Kazini cha Mahakama Kuu, zikihesabiwa tangu tukio au tangu ulipomaliza rufaa za ndani ya kampuni. Kuongezewa muda ni hiari ya mahakama. Usidhani kwamba mazungumzo na bosi yanasimamisha hesabu.

Uvuvi katika Ziwa Mweru hufungwa 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na wengi hufukuzwa majira hayo, biashara inapolala. Hapo pesa hakuna, na Mansa, mji mkuu wa mkoa, ni mbali. Hata hivyo nenda kwa afisa kazi mapema, uliza Bodi ya Msaada wa Kisheria, na kumbuka unaweza kujisimamia mwenyewe au kusimamiwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Aliyefukuzwa 30 Novemba, siku yake ya 90 ni 28 Februari.