Piano Njema Hutoka Nchi Gani?

Watu wengi wakionyeshwa piano huuliza kwanza: "Imetoka nchi gani?" Wakisikia Ujerumani, husifu, wakisikia Uchina, hukunja uso. Yafaa tulipime vizuri jambo hili, maana parokia ikinunua piano, fedha zile ni sadaka ya wakulima.

Piano ya kwanza iliundwa Florence, katika Italia, karibu na mwaka 1700, na fundi Bartolomeo Cristofori. Lakini sifa haikubaki Italia. Mwaka 1853 zilianza kampuni tatu mashuhuri: Bechstein mjini Berlin, Blüthner mjini Leipzig, na Steinway mjini New York. Mzee Steinway alikuwa Mjerumani aliyehamia Marekani, na ufundi wake alihama nao.

Na Japani je? Mwaka 1887 Torakusu Yamaha aliitwa kutengeneza kinanda cha upepo kilichoharibika katika shule moja ya Hamamatsu. Kisha akajaribu kuunda chake. Yeye na mwenzake wakakichukua mabegani kwa mti, wakavuka milima ya Hakone mpaka Tokyo. Huko wakaambiwa sauti zake hazikupangwa sawasawa. Yamaha hakukata tamaa: alijifunza elimu ya sauti, akarudi kuunda kingine. Mwaka 1900 kampuni yake ilianza kuunda piano, na leo zasifiwa duniani kote.

Basi, wema wa piano watoka wapi? Kwanza ni mbao zilizokaushwa vema, zisije zikapasuka. Pili ni fremu imara ya chuma, maana waya zake, zipatazo 230, huvuta kwa nguvu ya tani nyingi. Tatu ni mkono wa fundi, na matunzo ya mwenye chombo. Piano ya jina kuu iliyoachwa penye unyevu miaka mingi yaweza kushindwa na mpya ya Uchina. Tena jina laweza kudanganya: Knabe ilianza Baltimore, Marekani, mwaka 1837, leo jina hilo ni mali ya kampuni ya Korea.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwiteni fundi. Afungue kifuniko, atafute mchwa na kutu, ajaribu kama vigingi vya waya vingali vinashika, na abonyeze vibao vyote 88.

Nathanaeli naye alidhani Nazareti haiwezi kutoa jema; alipoitwa kuona, alikwenda akaona. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa piano, na zaidi sana kwa watu.