Frail

Frail (tamka: freil) ni kivumishi cha lugha ya Kiingereza kinachotaja mwili uliopungukiwa nguvu kiasi cha kudhurika kwa urahisi. Hutumika hasa kwa wazee na kwa watu waliougua muda mrefu. Nomino yake ni frailty.

Asili ya neno

Neno hili limetokana na Kifaransa cha kale, nacho kililipata kutoka Kilatini fragilis, yaani "chenye kuvunjika upesi". Mzizi wake ni kitenzi frangere, "kuvunja". Neno fragile lina asili hiyohiyo, lakini siku hizi husemwa zaidi juu ya vitu, kama vile glasi. Zamani frail lilitaja pia mtu anayeshindwa upesi na vishawishi. Maana hiyo imebaki katika wingi frailties, yaani kasoro za kibinadamu.

Tofauti na maneno ya karibu

Weak ni neno pana: kijana aliyeugua malaria huwa weak kwa siku chache, kisha hupata nguvu. Aliye frail amepungukiwa na akiba ya nguvu, hata kujikwaa au kikohozi kidogo kinaweza kumlaza kitandani. Feeble mara nyingi huwa na dharau ndani yake.

Kwa Kiswahili yote hutafsiriwa "dhaifu". Hata hivyo "mkongwe" hutaja umri tu, na "mnyonge" hugusa pia ufukara na kuonewa. "Tete", kama katika "hali tete", lina wazo lilelile la kitu kinachoweza kuvunjika.

Katika tiba

Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake nchini Marekani walitaja dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka sana, mshiko hafifu wa mkono, mwendo wa polepole na kutojishughulisha. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa frail. Mwaka 2005 Kenneth Rockwood na wenzake nchini Kanada walitoa kipimo cha ngazi 7, ambazo baadaye zilifanywa 9. Mazoezi ya viungo na lishe bora huweza kupunguza hali hiyo.

Machi 2020, wakati wa UVIKO-19, taasisi ya NICE ya Uingereza iliwaelekeza madaktari watumie kipimo hicho wanapoamua nani apelekwe chumba cha wagonjwa mahututi. Watetezi wa watu wenye ulemavu walipinga: mtu anayesaidiwa kuvaa nguo kwa sababu ya mtindio wa ubongo angehesabiwa kuwa frail, ingawa afya yake ni imara. Baada ya siku chache mwongozo ulirekebishwa, ukaeleza kwamba kipimo kisitumike kwa walio chini ya miaka 65, wala kwa wenye ulemavu wa kudumu usiobadilika, ulemavu wa kujifunza au usonji.