Baiskeli za Watoto na Tela la Safari

Iwapo likizo hii utatoka Mbeya kwenda Iringa pamoja na familia, pikapu yako ikivuta tela dogo lililosheheni hema na magodoro, fikiri kwanza utazifunga wapi baiskeli za watoto. Wengi huzitundika nyuma kabisa ya tela, kwa kuwa ndipo penye nafasi. Hapo ndipo pabaya kuliko pote.

Baiskeli ya chuma huweza kufika kilo 20. Mbili zikining'inia nyuma ya ekseli, huinua mbele ya tela pale linaposhikana na gari, nalo huanza kuyumba. Kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo linavyoyumba zaidi. Ukishaipita Uyole na kuukabili mteremko wa Inyala, malori yakikufuata, tela la namna hiyo laweza kulipindua hata gari linalolivuta.

Basi zilaze baiskeli ndani ya pikapu, au juu ya tela mbele kidogo ya ekseli. (Ikiwa ni moja tu, afadhali ipande basi.) Kaza fremu kwa mipira. Kamba ya katani hujikaza ikilowa ukungu wa asubuhi na hulegea ikikauka. Simama Igawa uikague, kisha Makambako. Taa za nyuma zisifichwe.

Mteremkoni tumia gia ndogo tangu juu. Tela likiyumba, usikanyage breki kwa ghafula wala usishindane nalo kwa usukani: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, uache mwendo upungue wenyewe.