Lenzi za Zamani Bado Zina Kazi

Ndugu wafanyakazi, hapa Kigali zipo bado nyumba ambamo kamera ya filamu imelala sandukuni mwaka hata mwaka. Filamu imekuwa adimu na ya ghali, na mafundi wa kuisafisha wamepungua. Kwa hiyo watu husema kamera ile imekufa. Lakini mbele ya kamera hiyo ipo lenzi, na lenzi haikufa. Leo tunataka kueleza jinsi lenzi hiyo inavyoweza kufungwa kwenye kamera ya kisasa ya dijitali, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa viwandani na wa mashamba ya chai.

KWA NINI TUWE NA PICHA ZETU

Tuanze na Gikondo. Kwa miaka mingi bonde la Gikondo lilikuwa mahali pa viwanda na maghala. Baadaye serikali iliamua kuliondolea bonde lile shughuli hizo ili kuhifadhi ardhi oevu, na viwanda vikapewa nafasi Masoro, katika Eneo Maalumu la Uchumi. Sasa tujiulize: nani ana picha za watu waliofanya kazi Gikondo? Hatusemi picha za majengo, wala za wageni wa heshima wakikata utepe. Tunasema picha za watu kazini, na majina yao yameandikwa chini. Picha za namna hiyo hakuna atakayetupigia. Lazima tuzipige wenyewe.

Katika nchi yetu hakuna haja ya kumfundisha mtu thamani ya picha. Pale Gisozi, kwenye Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari uliofunguliwa mwaka 2004, kipo chumba chenye picha zilizotolewa na familia za waliouawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Ni picha za kawaida tu, za harusi, za shule, za studio. Waliozipiga hawakujua zitakuja kubeba mzigo gani. Anayeingia mle hutoka akijua kwamba picha ya mtu wa kawaida si jambo dogo.

Tena kuna suala la usalama. Sheria ya Kazi Namba 66 ya mwaka 2018 inadai afya na usalama mahali pa kazi. Mjumbe wa kamati ya usalama anapopeleka habari ya mkanda wa mashine usio na kinga, picha inayoonekana vizuri humsaidia kuliko maneno mengi. Picha yenye giza na ukungu haimsaidii.

Mtu atasema: simu inatosha. Ni kweli, mchana kweupe simu inatosha, na hatumkatazi mtu kuitumia. Lakini ndani ya banda lenye mwanga hafifu, au unapotaka kumpiga mchuma chai aliye ng'ambo ya pili ya kilima, simu nyingi hushindwa. Hapo ndipo lenzi ya zamani inapoonyesha nguvu zake.

JINSI INAVYOFUNGWA

Kamera nyingi za filamu zilizopendwa miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na kioo kidogo cha kujitazamia ndani yake, kati ya lenzi na filamu. Kioo kile kilipeleka taswira kwenye jicho la mpiga picha, na alipobonyeza kiliruka juu ili mwanga uifikie filamu. Kwa kuwa kioo kilihitaji nafasi, lenzi ilikaa mbali na filamu: kwa Nikon milimita 46.5, kwa Pentax karibu milimita 45.5, kwa Canon za aina ya FD milimita 42.

Kamera za dijitali zisizo na kioo hicho zimeondoa nafasi hiyo. Panasonic ilitoa ya kwake ya kwanza mwaka 2008, na Sony mwaka 2010. Kwa Sony, kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kwenye sensa inayopokea mwanga ni milimita 18 tu. Toa 18 katika 46.5, inabaki 28.5. Basi ukiweka pete ya chuma yenye urefu wa milimita 28.5, lenzi ya Nikon itakaa umbali ule ule iliotengenezewa. Pete hiyo huitwa adapta. Fundi yeyote wa kiwandani ataielewa mara moja: ni spesa, kama ile tunayoweka kati ya vipande viwili vya mashine. Haina umeme ndani wala lenzi, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na lenzi mpya.

Tutazame mfano wa Canon. Mwaka 1987 kampuni hiyo ilileta kamera za mfumo mpya, na lenzi za FD hazikuweza tena kufungwa kwenye kamera hizo. Lenzi nzuri kabisa zikashuka bei. Hazikuwa zimeharibika; mfumo ndio uliobadilika. Sisi wafanyakazi tunaijua habari hiyo, maana mara ngapi mtu mwenye ujuzi wa miaka 20 ameambiwa hafai kwa sababu tu mashine mpya zimeletwa? Kamera zisizo na kioo zilipokuja, lenzi za FD zikarudi kazini.

MAMBO YA KUJUA KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza, nunua adapta inayolingana na lenzi yako upande mmoja na kamera yako upande wa pili. Jina la lenzi peke yake halitoshi. Angalia namna inavyofungwa. Nyingine hufungwa kwa hesi, nyingine huzungushwa kidogo hadi ikamate.

Pili, chagua lenzi yenye pete yake ya kufungua na kufunga tundu la mwanga. Pete hiyo ina namba kama 1.8, 2.8, 5.6, 8. Namba ndogo ni tundu kubwa. Lenzi isiyo na pete hiyo inahitaji adapta ya namna nyingine.

Tatu, ijaribu. Weka pete ya umbali kwenye alama ya mbali kabisa, kisha elekeza kamera Mlima Kigali. Mlima ukikataa kuonekana wazi, huenda adapta ni ndefu kupita kiasi. Na kama lenzi inachezacheza baada ya kufungwa, irudishe dukani.

Nne, elewa hesabu ya sensa. Picha kwenye filamu ilikuwa na upana wa milimita 36. Kamera nyingi za bei ya kati zina sensa ya karibu milimita 24, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 huona kama ya 75, na ya 135 huona kama ya 200 hivi. Kwa mashamba hiyo ni faida: unamkaribia mchuma chai bila kukanyaga mistari yake. Kwa chumba kidogo ni hasara, maana utalazimika kurudi nyuma.

KUPIGA PICHA KWA MKONO

Kamera haitaijua lenzi hii. Ingia kwenye orodha ya mipangilio, uiruhusu kupiga hata kama haioni lenzi. Kulenga ni kazi ya mkono wako. Kamera nyingi hupaka rangi kwenye kingo za kitu kilicho wazi. Ni msaada mzuri, lakini njia ya hakika zaidi ni kukuza taswira kwenye kioo cha nyuma, kuzungusha pete hadi jicho la mtu liwe wazi, kisha kubonyeza.

Kwa watu wanaotembea, lenga kabla. Kwa lenzi ya milimita 50 na sensa tuliyoitaja, weka umbali wa mita 5 na tundu 8. Kila aliye kati ya mita 4 na 7 ataonekana wazi, nawe hutagusa pete tena.

Ndani ya kiwanda fungua tundu. Lenzi ya 1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 kuliko lenzi iliyo kwenye 5.6. Ukiona mistari myeusi kwenye picha chini ya taa za mirija, sababu ni kwamba umeme wetu wa mizunguko 50 huzimeta taa hizo mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya sehemu moja ya 100 ya sekunde, mistari itapungua au kwisha.

KUITUNZA

Adui wa lenzi katika nchi ya mvua kama yetu ni kuvu. Kabla ya kununua, imulike kwa tochi. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani, iache. Nyumbani usiifungie kwenye mfuko wa ngozi wenye unyevu. Iweke kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio.

Mwisho, adabu. Mwombe mwenzako ruhusa kabla ya kumpiga, na mweleze picha itatumika wapi. Sheria ya mwaka 2021 inalinda habari za mtu binafsi, na hata bila sheria, uso wa mtu ni mali yake. Akikataa, shusha kamera. Akikubali, andika jina lake, kazi yake na tarehe siku hiyo hiyo, kisha mpelekee nakala.

Ndugu, kamera moja ya tawi na lenzi mbili za zamani zinatosha kuanza. Mwenye lenzi sandukuni ailete ofisini, tuitazame pamoja kwa tochi. Wenzetu wa Gikondo wengi wamekwisha staafu. Tuanze na hao wangali wakiwapo.