Ukinzani, Upinzani, Uasi na Usugu: Neno Moja la Kiingereza na Hukumu Nne za Kiswahili

Makala haya yanafafanua namna dhana inayobebwa na neno moja la Kiingereza, resistance, inavyogawanyika katika Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba mgawanyiko huo si upungufu wa istilahi. Kila neno humtaja mtendaji wa aina yake na kumpa hadhi yake. Mfasiri achaguapo neno, huwa ametoa hukumu.

Katika fizikia, ukinzani ni sifa ya kitu kuzuia mkondo wa umeme, na kizio chake ni omu. Waya hauna nia, hivyo ukinzani hauna lawama wala sifa. Upinzani, kwa upande wake, humhitaji mwenye nia. Kitenzi pinga ndicho kilichozaa pingamizi la mahakamani na, tangu Tanzania iliporejesha mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, vyama vya upinzani. Mpinzani huzuia akiwa ndani ya utaratibu unaotambuliwa.

Uasi una uzito zaidi. Kuasi ni kukataa amri ya anayedhaniwa kustahili utii: Mungu, mzazi au mtawala. Anayeyaita mapigano ya mwaka 1905 hadi 1907, kusini mwa Tanzania ya leo, "uasi wa Majimaji" amekwisha kukubali, pengine bila kukusudia, kwamba Wajerumani walistahili kutiiwa. Anayesema "Vita vya Majimaji" huwapa Wamatumbi, Wangoni na wenzao hadhi ya upande kamili katika vita.

Usugu ndio unaopotosha kwa urahisi. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara. Taswira hiyo huweza kumfanya mgonjwa adhani kuwa mwili wake ndio uliozoea dawa. Sivyo. Dawa huua vimelea dhaifu, na vichache vinavyoistahimili husalia na kuzaana. Ndivyo klorokwini ilivyopoteza nguvu dhidi ya malaria, hata Tanzania Bara ikaacha kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2001. Anayedhani usugu ni wa mwili wake hatatambua kwamba vimelea hivyo vyaweza kumfikia jirani ambaye hajawahi kuimeza dawa hiyo.

Kwa hiyo tunapendekeza "usugu wa vimelea dhidi ya dawa" badala ya "usugu wa dawa". Istilahi ndefu inayomtaja mtendaji ni bora kuliko fupi inayomficha.