Vioo vya simu: leza ya polima bado haijafika sokoni

DODOMA: Wauza vipuri vya simu mjini hapa wanajua kuwa kioo cha OLED ni ghali kuliko cha LCD. Sababu mojawapo iko kiwandani. Kioo cha OLED hutoa mwanga chenyewe kupitia matabaka membamba mno, na kuyapaka matabaka hayo ni kazi ya gharama kubwa.

Viwanda vingi hutumia molekuli ndogo, ambazo hugeuzwa mvuke katika chumba kisicho na hewa na kutua juu ya bamba. Polima zinazotoa mwanga, ambazo ni aina ya plastiki iliyogunduliwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1989, haziwezi kupita njia hiyo kwani joto huzivunja. Huyeyushwa na kupakwa kama wino. Tatizo ni kwamba kiyeyushi cha tabaka la juu huweza kuharibu la chini.

Leza inalenga kuondoa tatizo hilo. Polima iliyoyeyushwa hugandishwa kama barafu, kisha hupigwa na leza. Barafu hufyonza nishati, hugeuka mvuke na kuirusha polima hadi kwenye bamba, huku pampu ikiondoa kiyeyushi. Njia hiyo, iitwayo MAPLE, ilianzia maabara ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990, na Chuo Kikuu cha Duke kimeiendeleza. Hata hivyo, ni ya polepole, na uso wa filamu huweza kutoka na mikwaruzo.

Wenye hisa wana funzo hapa. Kampuni ya Cambridge Display Technology, iliyomiliki ugunduzi wa Cambridge, iliuza hisa Nasdaq Desemba 2004 kwa dola 12 kila moja. Mwaka 2007 Sumitomo Chemical ya Japani iliinunua kwa dola 12 zile zile. Aliyezishika tangu mwanzo hakupata faida.

Sumitomo hiyo ndiyo iliyoipa A to Z ya Arusha, mwaka 2003, teknolojia ya vyandarua vya Olyset, ambavyo dawa huchanganywa ndani ya uzi wa plastiki. Vyandarua vilipata kiwanda na wanunuzi.

Leza ya polima bado haijapata. Mwenye duka asichelewe kuagiza mzigo akingoja bei ya vioo ishushwe na leza. Na anayeshawishiwa kununua hisa za teknolojia hiyo aulize kwanza kiwanda kiko wapi, na mnunuzi ni nani.