Kabla ya Kuchagua Linux, Jua Unamkwepa Nani

Tangu Microsoft isitishe msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu za zamani wananiuliza swali moja: kati ya mifumo endeshi ya chanzo huria, upi ni salama kuliko yote? Jibu halipatikani mpaka mwulizaji aseme anamwogopa nani. Mwalimu anayehofia kuibiwa laptopu yenye matokeo ya wanafunzi na mwandishi wa habari anayemficha mtoa taarifa wake hawahitaji kinga moja.

Wengi huamini kwamba msimbo ukiwa wazi, basi usalama umeshapatikana. Si kweli. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alikuwa akipima kasi ya hifadhidata, akaona kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, kwa njia ya SSH, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakupuuza. Alichimba mpaka akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika karibu kila mahali penye Linux. Aliyeupandikiza alijiita Jia Tan, na alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akichangia kazi halali ili aaminiwe. Uwazi ulimwezesha Freund kufuatilia hitilafu hadi chanzo chake, lakini haukumzuia mvamizi kuingia. Kilichowaokoa watumiaji wengi ni kwamba sumu ile ilikuwa imefika hasa kwenye matoleo ya majaribio. Toleo thabiti la Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, halikuguswa.

Ndiyo maana kwa mtu wa kawaida napendekeza Debian thabiti, au Ubuntu ya matoleo yenye msaada wa muda mrefu kama anataka wepesi zaidi. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na hadi leo inaendeshwa na watu wanaojitolea. Programu zake si mpya sana. Kwangu hiyo ni sifa, maana zimekwisha kupitiwa na macho mengi, na marekebisho ya usalama huendelea kuja kwa miaka kadhaa.

Mwandishi wa habari namwelekeza kwenye mfumo wa Tails. Huwashwa kutoka kwenye flashi, hupitisha mawasiliano yote katika mtandao wa Tor unaoficha mtumiaji alipo, na ukizima kompyuta haiachi kumbukumbu ndani ya diski. Edward Snowden, mfichuzi wa siri za upelelezi wa Marekani, na waandishi aliowasiliana nao mwaka 2013 waliitumia. Lakini ukifungua Tails kisha ukaingia kwenye akaunti yenye jina lako, umejitambulisha mwenyewe.

Ipo pia Qubes, iliyoasisiwa na Joanna Rutkowska wa Poland, ambayo hutenga kazi katika kompyuta pepe mbalimbali: faili lenye kirusi likifunguliwa upande mmoja, barua zako za benki upande wa pili hazifikiwi. Naiheshimu sana, ila inataka RAM ya GB 16 ili ifanye kazi vizuri, na inataka mtumiaji mvumilivu. Asiyekuwa na adui mkubwa ataichoka.

Mfumo wowote utakaouchagua, upakue kutoka tovuti ya wenyewe na uhakiki saini yake ya kidijitali. Februari 2016 wadukuzi waliingilia tovuti ya Linux Mint, wakaelekeza watu kwenye nakala yenye mlango wa siri. Kupakua kutoka mahali sahihi hakukuwatosha waathirika. Uhakiki wa saini husaidia kugundua nakala ya namna hiyo. Flashi ya kupewa na rafiki, au ya fundi wa mtaani ambaye hajui faili lilikotoka, iache.

Na wakati wa kusakinisha, kubali diski yote isimbwe kwa nywila ndefu. Hatua hiyo ni rahisi siku ya kwanza na ni usumbufu mkubwa baadaye. Bila hiyo, mwizi huchomoa diski, akaiweka kwenye kompyuta nyingine na kusoma kila kitu, hata kama mfumo wako ni bora kuliko yote. Nywila hiyo iandike kwenye karatasi, uihifadhi mbali na laptopu: ukiisahau, hakuna fundi atakayekurudishia mafaili yako.